Shajara ya mradi: usiku wa bendi nne za kelele katika ukumbi wa watu 90

Siku 45 kabla ya onyesho

Mradi umeanza rasmi leo. Bendi nne, zote za wanamuziki wanaojisimamia wenyewe bila kampuni ya kurekodi, zitapiga usiku mmoja katika ukumbi mdogo ambao kwa kawaida hutumika kwa mikutano na usomaji wa mashairi. Mbili ni bendi za roki ya kelele, ambazo gitaa lake hupita katika pedali tano au sita (visanduku vya mguuni vinavyobadilisha sauti) kabla ya kufika kwenye amplifaya; mbili ni za saikedeliki, zenye nyimbo ndefu zinazozunguka noti moja kwa dakika kumi na zaidi hadi msikilizaji apoteze hesabu ya muda. Mimi nimepewa uratibu pamoja na kazi ya kuandika shajara hii, fundi sauti amechukua mitambo, na dada mmoja mchoraji amechukua taa na picha za ukutani.

Nilikuja kikaoni nikidhani kazi kubwa itakuwa kutafuta spika zenye nguvu. Fundi alicheka. Alisema kuwa katika chumba cha ukubwa huu sauti huamuliwa jukwaani: dramu haina kitufe cha kupunguzia, mwimbaji lazima asikike juu ya dramu, na magitaa yakishaizidi dramu hakuna mtambo utakaomwokoa mwimbaji huyo, hata ungekuwa wa uwanja wa mpira. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu naona maamuzi mengi yatatoka hapo.

Siku 41 kabla

Tumepima chumba. Urefu ni mita 11, upana mita 6, na dari iko mita 3 juu, yaani ujazo wa mita za ujazo 198. Fundi alipasua puto katikati ya ukumbi mtupu, akarekodi kwa simu, na kutokana na mteremko wa mchoro tukakadiria kuwa mlio huchukua sekunde 1.4 kushuka kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kwa msomaji wa mashairi muda huo unavumilika, lakini kwa dramu ni balaa, kwa kuwa kila pigo linakuta pigo lililotangulia bado linaelea hewani.

Kanuni tuliyotumia ni ya Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, akawa anahamisha mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine na kupima muda ambao mlio wa bomba la kinanda ulichukua kufifia kadiri mito ilivyoongezeka. Unachukua ujazo, unauzidisha kwa 0.161, kisha unaugawa kwa ufyonzaji wa chumba, na jibu ni muda wa mwangwi, yaani sekunde ambazo mlio huchukua kufifia. Chumba chetu kikiwa kitupu kina ufyonzaji wa takriban mita za mraba 23. Mtu mmoja aliyesimama, pamoja na nguo zake, hufyonza kama nusu mita ya mraba ya sauti za kati. Watu 80 wataongeza 40, na muda wa mwangwi utashuka hadi nusu sekunde hivi. Kwa maneno mengine, hadhira ndiyo pazia letu, na tusitumie nguvu nyingi kutafuta mapazia mengine. Hesabu hiyohiyo inatuambia pia kwamba mwangwi wa chumba kilichojaa utakuwa chini kwa desibeli zipatazo 4 kuliko wakati wa majaribio ya alasiri, hivyo chochote kitakachosikika kizuri saa kumi kitakuwa kimebadilika saa mbili usiku.

Jambo ambalo hadhira haitalitibu ni besi, maana miili ya watu haifyonzi sana mawimbi marefu. Hapa tuligundua bahati mbaya ya wajenzi: upana wa mita 6 ni mara mbili kamili ya dari ya mita 3. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya sakafu na dari chumba hiki huvuma chenyewe kwenye hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), na mvumo wa pili wa kati ya ukuta na ukuta unaangukia hezi 57 hizohizo. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, uko hezi 55. Nilimuuliza mpiga besi wa bendi ya tatu wimbo wao mrefu uko katika noti gani. «A, mwanzo mpaka mwisho, dakika kumi na nne,» alijibu kwa fahari.

Siku 33 kabla

Orodha za vifaa zimefika kutoka bendi zote. Tumekubaliana kuwa dramu itakuwa moja na kabati la besi litakuwa moja, lakini kila mpiga dramu atakuja na ngoma yake ya snea, matoazi yake na pedali yake ya mguu, kwa sababu hivyo ndivyo vifaa vinavyoharibika na ndivyo vinavyobeba tabia ya mpigaji. Makubaliano haya peke yake yameokoa karibu dakika kumi katika kila mabadilishano ya bendi.

Mvutano umetokea juu ya amplifaya. Mpiga gitaa wa bendi ya nne ana mtambo wa valvu wa wati 100 na hataki kusikia habari ya kuuacha nyumbani. «Kaka, sauti hiyo ndiyo bendi yenyewe,» aliniambia, na kusema kweli simlaumu. Mlio wa fazi, ule wa kukwaruza, ulianza kama hitilafu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, chaneli mbovu ya miksa (meza ya kuchanganyia sauti) iliharibu sauti ya besi wakati wa kurekodi, wahusika wakaipenda wakaiacha, na mwaka 1962 pedali ya Maestro Fuzz-Tone ikaingia sokoni kuuza uharibifu huo kwa makusudi. Muziki huu wote umejengwa juu ya mitambo inayosukumwa kupita kiasi, na mtu anayeupiga hawezi kuambiwa tu apunguze.

Fundi alimjibu kwa hesabu badala ya ubishi. Kushuka kutoka wati 100 hadi 50 kunapunguza desibeli 3 tu, na sikio la kawaida huhitaji tofauti ya desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi, ndipo liseme sauti imekuwa maradufu; kwa hiyo kugombania wati ni kugombania kitu kidogo. Kinachoumiza ni mwelekeo. Koni ya spika ya inchi 12 hurusha sauti zake kali mbele moja kwa moja kama tochi, na kabati likiwa sakafuni tochi hiyo inampiga mpigaji magotini na kumpita, halafu inamkuta usoni yule aliyesimama safu ya pili. Mpigaji hasikii makali yake mwenyewe, anaongeza, na watu wa mbele wanaumia kwa ajili ya mtu asiyejisikia. Pendekezo ni kuliinamisha kabati nyuma, kwa kipande cha mbao chini ya ukingo wake wa mbele, mpaka limwelekee mpigaji masikioni. Amekubali kujaribu, shingo upande.

Siku 32 kabla

Nimekata kipande cha mbao. Sentimita 9 kwa 9, urefu sentimita 40.

Siku 24 kabla

Umeme. Jukwaa lina laini mbili, na taa zenye kitufe cha kufifisha zilikuwa zimeunganishwa kwenye laini ileile ya amplifaya, jambo lililofanya kila gitaa linung'unike kama nyuki wa chupani mara tu taa zinapopunguzwa. Tumehamishia taa kwenye laini ya pili, na vifaa vyote vya muziki, pamoja na miksa, vitachukua umeme sehemu moja.

Hata hivyo ulibaki mvumo mwembamba wa besi, ule wa masafa ya umeme wenyewe, unaotokea vifaa viwili vikiunganishwa na ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) kwa njia mbili tofauti. Kijana mmoja aliyekuja kutusaidia alipendekeza tukate waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya, akasema wenzake wote hufanya hivyo. Nimeandika hapa kwa herufi nzito: hapana. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi salama. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma kwa mikono yenye jasho na mdomo wake uko sentimita mbili kutoka kwenye wavu wa chuma wa maikrofoni, na ethi ndiyo kitu pekee kinachosimama kati yake na kifo. Mvumo tuliutibu kwa kisanduku cha kutenganisha mawimbi kati ya besi na miksa, ambacho hukata ethi ya waya wa sauti bila kuigusa ile ya umeme.

Siku 17 kabla

Siku ya dada wa taa, na kwangu imekuwa siku nzuri kuliko zote hadi sasa. Amepata projekta ya zamani ya darasani, ile yenye kioo cha mlalo na taa kali chini yake, na anataka kurudisha mbinu iliyotumika katika klabu ya UFO ya London, iliyofunguliwa Desemba 1966 na ambako Pink Floyd walipiga wakiwa wamefunikwa na rangi za majimaji zilizotawanywa ukutani. Unahitaji mabakuli mawili mapana ya kioo, yaliyobonyea kidogo, moja likikaa ndani ya jingine. Katikati yake unamimina maji yenye rangi, kisha mafuta yenye rangi tofauti, na ukilibonyeza bakuli la juu kwa vidole kwa mapigo ya muziki, mapovu yanapanuka, yanameguka na kukutana tena, ukutani yakiwa na upana wa mita tatu.

Jaribio la kwanza lilishindwa kwa sababu ya kuchekesha. Tulitia rangi ya maji ndani ya mafuta, nayo ikakataa kuyeyuka. Ikajikunja kuwa vidoto vidogo vyeusi ambavyo ukutani vilionekana kama siafu wamepotea njia. Mafuta yanataka rangi yake, ile inayoyeyuka katika mafuta. Jaribio la pili, kwa nyekundu ndani ya mafuta na buluu ndani ya maji, lilitunyamazisha sote. Dada alikuwa akibonyeza taratibu, bila muziki wowote, na povu moja jekundu likawa linajivuta kuelekea pembeni, likaning'inia kwa uzi mwembamba, likakatika. Tahadhari mbili zimeandikwa: mafuta yawe ya aina isiyoshika moto upesi na kiasi kiwe kidogo, na projekta ipumzishwe kati ya bendi kwa sababu kioo kinapata joto.

Taa za kumetameta hazitavuka mara 4 kwa sekunde. Kati ya kila watu 100 wenye kifafa takriban 3 huweza kupata degedege kutokana na mwanga wa namna hiyo, na tangazo litawekwa mlangoni hata kwa kiwango hicho kidogo.

Siku 9 kabla

Kiwango cha sauti kimepitishwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 viwango vya usikilizaji salama katika kumbi na matamasha, na kikomo chake ni wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15; tutakishika hicho, kipimio kikiwa mezani kwa fundi mahali ambapo kila mtu anaweza kukisoma. Desibeli 100 bado ni nyingi. Kwa kanuni inayotumika kwa wafanyakazi, ambayo huruhusu saa 8 kwenye desibeli 85 na kupunguza muda kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka, desibeli 100 zinampa mtu dakika 15 kwa siku. Ndiyo maana vizibo vya masikio vitagawiwa bure mlangoni. Nimesisitiza vitolewe mkononi, kila mtu akiingia, badala ya kuwekwa kwenye bakuli pembeni ambalo watu hulipita wakidhani ni la wazee.

Ratiba: milango saa moja usiku, bendi ya kwanza saa mbili, kila bendi dakika 35, mabadilishano dakika 20. Tunamaliza saa tano na dakika 20, na ukumbi unatakiwa kunyamaza saa tano na nusu. Dakika kumi za akiba ni chache kuliko ninavyopenda. Katika mapumziko zitapigwa rekodi za roki ya Zambia ya miaka ya 1970, za WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya, kwa sauti ya kuruhusu watu waongee. Fazi ya magitaa yao ingefaa usiku huu hata wangekuwa wenyeji wetu, na masikio yatapata nafasi ya kupumua.

Siku 2 kabla

Tumejaribu besi. Kabati likiwa kwenye kona, noti ya A ilifanya dirisha litetemeke na noti nyingine zote zikawa kama zimepigwa chumba cha jirani. Mvumo ule wa hezi 57 wa ukuta kwa ukuta una sehemu tulivu mbili, kila moja mita 1.5 kutoka ukuta wa pembeni, na spika inayowekwa mahali hapo hushindwa kuuchochea. Tulilisogeza kabati, fundi akiwa na futi na mpiga besi akishikilia noti yake. Kwenye mita 1.2 dirisha bado lililia. Kwenye mita 1.5 lilinyamaza, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kumbe ndani ya noti ile moja ya dakika kumi na nne mna kidole kinachotembea. Mahali pale pamewekewa alama ya utepe sakafuni.

Siku yenyewe

Majaribio ya sauti yalifanyika kinyumenyume, bendi ya mwisho ikianza, ili bendi ya kwanza ikimaliza majaribio yake vifaa vyake vibaki vilevile jukwaani. Maikrofoni tulizofungua ni tano: tatu za waimbaji, moja ya ngoma kubwa ya mguu, moja ya akiba. Magitaa hayakuwekewa maikrofoni hata moja, kwa kuwa yanajitosheleza, na kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapokuwa maradufu unapoteza desibeli 3 kabla miluzi haijaanza, ile ya maikrofoni kuisikia spika yake yenyewe.

Bendi ya kwanza ilipanda saa mbili na dakika nne. Kipimio kilisoma wastani wa 96. Ya pili ilisoma 101 katika robo saa yake ya kwanza. Fundi alipunguza waimbaji kidogo, mpiga gitaa akamwona, akapunguza chake bila kuambiwa, na robo ya pili ikawa 99. Sina mengi zaidi ya kusema juu ya bendi hizo mbili isipokuwa kwamba zilipiga vizuri na zikaondoka kwa wakati.

Tatizo lilikuja na bendi ya tatu. Mwimbaji wao alitoa mfukoni maikrofoni yake mwenyewe na kuichomeka dakika mbili kabla ya kuanza, na neno lake la kwanza likageuka mluzi uliowafanya watu wazibe masikio kwa viganja. Maikrofoni zetu ni za aina isiyosikia kinachotoka nyuma yake moja kwa moja, na monita, spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, ilikuwa imewekwa hapohapo nyuma. Yake ilikuwa ya aina nyembamba zaidi, ambayo uziwi wake uko pembeni-nyuma, kwenye pembe ya nyuzi 126 hivi kutoka mbele, huku nyuma kabisa ikisikia kiasi. Fundi hakugusa miksa. Alipanda jukwaani akiwa ameinama, akaisukuma monita kwa mguu kama hatua moja na nusu upande wa kushoto, akashuka. Mluzi ukafa. Hilo ni kosa langu la uratibu, kwani fomu ya vifaa niliyowatumia haikuuliza habari ya maikrofoni.

Wimbo wao wa A ulianza saa tatu na dakika hamsini na nane. Dada alikuwa ameacha nyekundu na buluu, akatia kijani ndani ya mafuta, na kwa dakika tano za mwanzo alikuwa hafanyi karibu chochote, akiliacha povu lijivute lenyewe kwa joto la taa. Watu waliacha kuongea. Sijawahi kuona hadhira ya kusimama ikinyamaza vile mbele ya bendi yenye kelele kiasi kile. Besi ilikuwa tumboni lakini haikukaba, na juu yake gitaa la pili lilikuwa likirudia kitu cha noti tatu kupitia pedali ya mwangwi, kila marudio yakififia kidogo kabla ya mengine kuyapanda mgongoni. Wastani ulikuwa 98.

Bendi ya nne ikaanza kwa kishindo, na ndani ya dakika moja nikaona safu ya mbele ikirudi nyuma. Kipimio kilikuwa 103 na kinapanda. Katika mabadilishano mtu fulani aliyekuwa akibeba dramu alikuwa amekisukuma kile kipande cha mbao, kabati likarudi kusimama wima, na tochi ilikuwa imewakuta watu usoni kama tulivyotabiri. Fundi alisubiri mpigaji afunge macho katika kipande cha solo, akapanda, akaliinua kabati kwa bega, akarudisha mbao. Mpigaji alifumbua macho, akasikiliza sekunde chache, akageuka akashusha kitufe chake mwenyewe kutoka saba hadi karibu tano. Safu ya mbele ilirudi mahali pake. Wastani wa robo saa hiyo uliishia 100, kikomo chenyewe.

Noti ya mwisho ilikatwa saa tano na dakika ishirini na saba.

Siku 1 baada ya onyesho

Waliolipia mlangoni ni 84. Vizibo vilivyorudi bila kufunguliwa ni jozi sita. Projekta ina tone la mafuta lililoingia kwenye feni, na dada ameshaifungua na kuikausha. Taa yake bado inawaka. Utepe wa mita 1.5 tumeuacha sakafuni kwa ruhusa ya mwenye ukumbi. Fomu ya vifaa imeongezwa mistari miwili, mmoja wa aina ya maikrofoni na mwingine wa nani anabeba nini katika mabadilishano.

Kipande cha mbao nimekirudisha nyumbani. Mchana huu mpiga gitaa wa bendi ya nne amenipigia simu, akaongea mambo mengine kwanza, kisha akaomba nimkatie kingine cha vipimo vilevile.